Baraza Halitoshi

Mpe mtu wa Kibaha aliyefiwa daftari na kalamu, umwambie aandike yaliyomo moyoni mwake, halafu usikilize watakavyocheka waliokaa karibu. Watakwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Mzungu hana ndugu, anaishi na paka wake, ndiyo maana likimpata jambo anaongea na karatasi. Sisi tuna watu. Tuna baraza, tuna kijiwe cha kahawa, tuna somo na kungwi, tuna shehe na padri, na hao wote wakishindwa mganga yupo. Mwenye watu wote hao, kalamu ya nini?

Kauli hiyo ina ndugu yake aliyesoma. Huyu hamtaji Mzungu wala paka. Anasema utamaduni wetu ni wa simulizi, kwamba Mwafrika huponywa na jamii, na kwamba kumkalisha peke yake na daftari ni kumng'oa kwenye mizizi yake. Utamkuta kwenye warsha akiyasema hayo kwa utulivu, na chini yake kuna wanaoandika kila neno. Kati yake na yule wa kijiweni tofauti ni tai tu.

Nazipinga kauli zote mbili. Wanaozisema wanadhani hoja yao kubwa ni wingi wa watu tunaoishi nao, na hapo hasa ndipo wanapojikwaa. Mtu wa Kibaha au Kisarawe haihitaji karatasi kwa kukosa watu. Anaihitaji kwa sababu anao usiku na mchana, mlango kwa mlango, na hakuna hata mmoja kati yao asiyekuwa na upande.

Njoo Maili Moja, hapo Kibaha, jioni, kwenye nyumba ya kupanga. Vyumba sita vinatazamana, katikati korido, mwisho wa korido choo kimoja na bomba moja. Kuta zimeishia chini ya mbao za paa na dari hakuna, kwa hiyo akikohoa wa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua kwamba dawa haijamsaidia. Humo ndani kuna dada ambaye mimba yake ya miezi mitano imetoka. Majirani wamekuja, wamempa pole, wamempikia uji, wamemfulia shuka. Wema huo ni wa kweli na sitaki mtu audharau. Lakini lolote atakalotamka usiku huu litamtangulia bombani asubuhi. Akisema anamlaumu mume, mawifi watakuwa nalo kabla ya adhuhuri. Akisema, na huenda ndilo linalomkaba koo, kwamba mimba yenyewe hakuwa ameitaka, basi afungashe vyombo ahame. Hivyo anasema lile linaloruhusiwa: "Ndiyo mipango ya Mungu." Wanaitikia, wanaondoka wakiamini wamemsikiliza.

Baraza nalo lina kanuni zake. Jambo halipelekwi likiwa bichi. Anayeketi kusimulia amekwisha kulipanga, amepunguza pale alipokosa yeye na kuongeza chumvi pale alipokosa mwenzake, kwa sababu anajua anakwenda kuhukumiwa. Baraza ni mahakama yenye kahawa. Swali lake la kwanza ni nani mwenye kosa, la pili ni nani alikuwepo, na mzee akishasema neno lake shauri limefungwa. Kwa kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho huko Kisarawe, Masaki au Msanga, sijui chombo kinachoizidi. Kwa mtu aliyesimama katikati ya mambo mawili yanayopingana ndani ya kifua chake mwenyewe, chombo hicho hakifai, kwa kuwa kinamlazimisha achague upande kabla hajajua yuko wapi.

Tuje kwenye msiba, maana hapo ndipo wapinzani wangu hujiona wameshinda. Ni kweli, msiba wa Kizaramo ni mashine iliyopangwa vizuri. Habari haijamaliza kusambaa na turubai limeshafungwa, vijana wako makaburini na majembe, kina mama wako kwenye mafiga, mtani amefika kufanya vituko mpaka mfiwa anacheka na machozi yangali usoni. Pembeni kuna meza, na kwenye meza hiyo kuna kaunta buku, na mtu mwenye mwandiko mzuri anaandika: fulani, shilingi elfu mbili, fulani, elfu tano, jumuiya ya mtaa, mchele kilo kumi. Angalia jinsi anavyoandika kwa uangalifu, akiuliza jina la pili ili mtu asichanganywe na wajina wake. Na hawa ndio tunaoambiwa kwamba si watu wa kuandika! Tunaandika madeni ya dukani, tunaandika hisa za kikoba na faini ya aliyechelewa mkutano, tunaandika nani alileta nini kwenye msiba ili siku yake ikifika tumlipe. Kitu pekee ambacho hatukiandiki ni kilichompata mwenye msiba.

Halafu tanga linaanuliwa. Siku ya tatu turubai linashushwa, sufuria zinarudishwa kwa wenyewe, wajukuu wa Dar wanawahi gari. Mjane Mwislamu anabaki na eda yake, miezi minne na siku kumi. Zile siku tatu za mwanzo jamii ipo, inakula na kulala palepale. Siku ya nne anayekuja amekuja kuuliza habari ya shamba. Mwezi wa pili, usiku, mwanamke huyu anapoanza kumkasirikia marehemu, kwa madeni aliyoyaficha au kwa mtoto wa nje aliyejitokeza makaburini, hana pa kuipeleka hasira hiyo. Marehemu hasemwi vibaya. Kungwi alimfundisha zamani kwamba ya ndani ni ya ndani, na siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanamume naye alifundishwa somo lilelile kwa neno moja tu: jikaze. Halafu tunashangaa presha inapanda, usingizi unakimbia, na kilevi kinaingia kwenye nyumba ambayo hakikuwamo.

Anayesema jamii inatosha anihesabie jamii hiyo kuanzia siku ya nne.

Sasa nimgeukie ndugu msomi na simulizi zake. Hivi ni pwani ipi hiyo ambayo haikuwa ikiandika? Kabla ya mishonari wa kwanza kushusha mzigo wake, watu wa mwambao huu walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu biashara, ugomvi na mapenzi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa kule Siyu na Pate, mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi ambao unasomwa mpaka leo. Shuleni tunafundishwa kwamba ni utenzi wa mawaidha kwa mke mwema, tunajibu mtihani, tunasahau kwamba aliyeandika alikuwa mama aliyekiona kifo kikija na ana mtoto wa kumwacha.

Ndugu yangu huyu akitaka cha karibu zaidi, apande kilima aende Minaki. Wengi wanaijua shule ile ya Kisarawe kwa majina ya wakubwa waliopita pale. Wachache wanajua ilikotoka. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa kwanza Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, na kilihamishiwa Minaki mwaka 1925. Kule Kiungani, katika miaka ya 1880, wanafunzi wengi walikuwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwa wametekwa bara, wakauzwa mkono hadi mkono, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa, kisha manowari ya Kiingereza ikalikamata jahazi na wao wakakabidhiwa kwa misheni wakiwa hawana baba, mama wala kijiji. Watoto hao waliandika. Walisimulia kwa Kiswahili, lugha ambayo hawakuzaliwa nayo, namna walivyotekwa, nani aliwauza, nani alikufa njiani. A. C. Madan, mwalimu na mtaalamu wa Kiswahili wa misheni ile, alizitafsiri hadithi hizo kwa Kiingereza na kuzichapisha London mwaka 1887 katika kitabu kinachoitwa Kiungani.

Najua nitakachojibiwa: waliandikishwa na Wazungu, na kitabu kililenga kuwagusa Waingereza wachangie misheni. Sawa. Mtoto aliyeandika mbele ya mwalimu wake hakuandika yote, na bila shaka alijua sehemu zipi zitampendeza. Nalikubali hilo, na ndiyo maana nasema daftari lazima liwe la mtu mwenyewe. Lakini hebu tuangalie kilichofanyika. Mtoto ambaye maisha yake yalikuwa yamekatwakatwa, kila kipande kikiwa mikononi mwa bwana mwingine, aliyapanga kwa mfuatano: nilizaliwa huku, nikachukuliwa siku hii, nikapita hapa, sasa niko hapa. Tangu alipotekwa, watu wengine ndio waliokuwa wakisema yeye ni nani na ana bei gani. Kwenye karatasi ile alisema yeye. Miaka mia moja kabla ya wanasaikolojia kuanza kupima mambo haya kwa saa na dodoso, kazi ilikwisha kufanywa kwa Kiswahili, na chuo kilichoibeba kikaja kukaa Kisarawe. Atakayeniambia tena kwamba ni mambo ya kigeni kwa Wazaramo, nitamwonyesha njia ya Minaki.

Baada yao wapo watunzi. Shaaban Robert, mshairi aliyekuwa karani wa serikali ya kikoloni, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia 1931 hadi 1958, na zinasomeka leo kwa kuwa ndugu huyo alizitunza. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa beti. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa sababu ya karatasi ya siasa, akawekwa peke yake, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Huyu hakuwa na baraza wala mtani. Ukimwambia kuandika ni anasa, sijui atakutazamaje.

Lakini watunzi wakubwa si hoja yangu kuu, maana nitaambiwa hao walikuwa na kipaji. Hoja yangu iko kwenye sanduku la bati la bibi yako, chini ya kitenge cha arusi: barua. Watu wa umri wangu wamesahau upesi mno. Kabla ya simu za mkononi kuingia kila mfukoni, Kisarawe yote ilikuwa ikiandika. Kijana aliyekwenda kutafuta kazi Dar aliandika, mke aliyeachwa Maneromango alijibu, na asiyejua kuandika alimwita mtoto wa darasa la tano, akamkalisha kwenye mkeka, akaanza: salamu nyingi zikufikie huko uliko, ama baada ya salamu. Baada ya salamu hizo yalikuja mambo ambayo mtu asingeyatamka ana kwa ana hata kwa kisu. Mke alimwambia mume kwamba ameaibika. Baba alimwomba mwana radhi, jambo ambalo mdomo wake haukuwahi kulifanya. Uso wa mtu haukuwepo, ndiyo maana ulimi uliweza. Simu ilipokuja tuliishangilia, na kweli ina faida zake, lakini kwenye simu mtu anasema "tupo, tunasukuma siku", anakata vocha isimwishie. Tunalia kwamba utandawazi umetuua baraza. Baraza lipo, limejaa, limehamia hata kwenye magrupu. Kilichokufa ni barua, na hakuna aliyeitangazia msiba.

Kwa nini basi mtu mzima aliyemaliza darasa la saba anaiogopa karatasi? Nadhani jibu halimo kwenye utamaduni. Limo kwenye peni nyekundu. Kila aliyepita shule ya msingi aliandika insha ya siku asiyoisahau maishani mwake. Niliwahi kushika daftari la mtoto wa darasa la sita aliyeichukulia mada hiyo kwa uzito. Wenzake wote walikwenda mbuga za wanyama ambazo hawajawahi kuziona. Yeye aliandika siku mama yake alipofariki: baiskeli iliyombeba, kiatu kimoja kilichodondoka njiani na hakuna aliyerudi kukiokota. Ukurasa ulikuwa umejaa wino mwekundu. "Ana umwa" limeunganishwa kwa mshale, herufi kubwa zimezungushiwa duara, na chini kabisa: 6/10, mwandiko mbaya. Mwalimu alitimiza wajibu wake, maana ana madaftari mengi na mkaguzi anaangalia kama yamesahihishwa. Ila mtoto yule alijifunza kitu siku hiyo, na hakikuwa kuunganisha maneno. Tukimwona miaka thelathini baadaye anasema kuandika si kwetu, tusimsingizie babu yake.

Daftari ninalolizungumzia halisahihishwi. Andika Kiswahili kibovu, changanya na Kizaramo, ruka mstari, tukana. Hakuna maksi.

Naja kwenye ushahidi, maana wapo wanaosema haya ni maneno matamu tu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha jaribio lao. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika jambo zito lililowaumiza, wengine mambo ya juujuu. Walioandika mazito, tukio pamoja na hisia zake, walitoka siku zile wakiwa na huzuni zaidi, na hilo watu hulificha wanapoinadi njia hii. Ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi waliopewa zoezi kama hilo walionyesha nafuu ambayo madaktari waliweza kuipima miezi minne baadaye. Tafiti zikawa nyingi, na nyingine hazikuona kitu. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizijumlisha tafiti 146 akakuta faida ipo, na ni ndogo.

Ndogo. Wapinzani wamelirukia neno hilo, na wahamasishaji wa semina za hotelini wamelikimbia. Mimi nalishika. Faida ndogo kwa kitu kisichotaka miadi, nauli, wala mtaalamu aliyeko Dar, si ya kutupwa kwenye mkoa ambao mtu mwenye sonona huanza kwa kuambiwa amerogwa. Daftari dogo halifiki nauli ya kwenda mjini na kurudi. Dawa ngapi tunazimeza kwa bei kubwa kuliko hiyo, na faida yake hatujawahi kuiuliza?

"Tafiti za Wazungu kwa wanafunzi wa Kizungu," nitaambiwa. Basi twende Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Pale wakimbizi wa Rwanda na Somalia waliokuwa wameona ya kuona walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu 277. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo ya wiki chache. Njia mojawapo ilikuwa hivi: mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, msikilizaji anaandika, kikao kinachofuata anamsomea, mwenyewe anasahihisha, anaongeza, wanaendelea, mwisho anakabidhiwa maisha yake yakiwa kwenye karatasi. Waliopitia njia hiyo, na waliopewa ushauri wa namna nyingine, walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu. Nchi hiyohiyo, miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, kina mama wanaoishi na VVU katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: tulikotoka, babu yako alikuwa nani, ulizaliwa siku ya mvua, naumwa nini. Vilikuwa kwa ajili ya watoto, lakini kuviandika kulimlazimu mama kulitamka, kwanza kwa nafsi yake, lile ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilinong'ona.

Nakivale inamjibu pia yule anayesema vijijini Kisarawe wapo wasiojua kusoma. Wapo, ingawa Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi zetu wakaenda ngumbaru na vibao vyao jua likiwa kali. Asiyeandika aandikiwe. Si jambo jipya. Mtoto wa darasa la tano kwenye mkeka alikuwa akilifanya. Tofauti ni kwamba mwandishi lazima awe mtu wa kutunza mdomo, na afadhali asiwe wa ukoo.

Kuna marafiki wabaya wa hoja yangu, na nitawasema. Wa kwanza ni mhamasishaji anayeuza kitabu cha malengo chenye jalada la dhahabu: andika ndoto zako, andika mambo matano ya kushukuru kila asubuhi. Mtu aliyepoteza mguu kwenye ajali ya Barabara ya Morogoro aamke ashukuru mambo matano! Huyo ndiye aliyeifanya kazi hii ionekane anasa ya wenye muda, na kucheka kwa watu wa kijiweni kwa sehemu kubwa kunamhusu yeye. Wa pili ni anayeweka uchungu wake kwenye status saa nane usiku ili fulani asome. Hilo ni dongo. Kanga ilikwisha kulifanya kwa ustadi zaidi, na kwa rangi. Jina la kanga limeandikwa ili jirani asome naye aumie. Ninaloliongelea limeandikwa ili jirani asione kabisa.

Pingamizi moja nalipa heshima yake, nalo halitoki kijiweni. Kuandika kunaweza kumzamisha mtu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwahusu watu waliotengana na wenzi wao. Wale wenye tabia ya kulizungusha jambo kichwani usiku kucha, walipoambiwa waandike hisia zao za ndani, walichelewa kupata nafuu kuliko wenzao walioandika tu walivyoutumia mchana wao. Kwa hiyo, ukiona siku ya tano unaandika sentensi zilezile za siku ya kwanza, funga daftari, toka nje, kaa na watu. Hapo baraza lina kazi yake. Jambo likiwa la juzi tu, bado linavuja damu, acha kwanza. Na anayewaza kujiua asiachiwe kalamu na mlango uliofungwa. Apelekwe hospitali, aambatane na mtu, leo. Anayefundisha kuandika bila kuyasema haya ni mwongo sawasawa na mhamasishaji.

Pingamizi la nani atalisoma ni la kweli zaidi, hasa kwenye kile chumba cha Maili Moja ambacho sanduku halina kufuli. Jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Choma. Kinachosaidia ni mkono kuandika na kichwa kupanga, na daftari halina la kufanya baada ya hapo. Mafiga yapo, yanawashwa kila jioni.

Kibaha ndiyo mahali pa mwisho nchini panapostahili kuyaona haya kuwa mageni. Mji huu ulikulia kando ya mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Ndani ya eneo moja waliweka shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, kwa imani kwamba ujinga, maradhi na umaskini ni maadui wanaotembea pamoja. Kituo kile ndicho kilichokua kuwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa, inayopokea majeruhi wa barabara kuu. Shule na wodi zimekuwa majirani kwa miaka zaidi ya sitini, na bado kalamu ya shuleni haijavuka kwenda wodini kwa kazi hii.

Angalia majeruhi anachoandikiwa katika nchi hii. Polisi wanamjazia fomu ya PF3. Kituoni anatoa maelezo, askari anayaandika kwa lugha ya kiaskari, yeye anaweka saini. Bima, kama ipo, wana fomu yao. Konda aliyetolewa kwenye mabaki ya basi ameandikwa na ofisi tatu, na hakuna hata moja iliyomuuliza anasikia nini akilala. Wakati huohuo, mkononi ana daftari. Wagonjwa wengi huenda hospitali na daftari la mazoezi walilolinunua dukani, daktari anaandika kurasa mbili kwa mwandiko usiosomeka, zilizobaki hazina kitu. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi anaweza kumwambia: ukifika nyumbani, mguu ukishatulia na wiki kadhaa zimepita, lichukue daftari hili, lianzie nyuma, uandike robo saa kwa siku nne yale usiyomwambia mtu, ukizidiwa acha uje, ukimaliza choma kurasa hizo, za daktari zibakize. Maneno hayo hayachukui dakika mbili. Hayahitaji semina, posho wala mfadhili, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeyapigia debe.